Wamama wawili wa Bénédicte

Nathalie, uko? Natoka shuleni Nyamitanga sasa hivi, bado siamini.

Goretti alitoka kambi ya Nakivale alfajiri kuchukua ripoti ya binti yake Bénédicte. Akatandika kitenge kwenye benchi kumwekea mtoto fasi ya kukaa.

Sista akaita, "Mama Bénédicte." Wakasimama wawili, Goretti na Jamidah wa mtaa wa Ruti, anayekaa na mtoto ili asome.

Sista akafungua daftari la mikutano ya wazazi, akamtazama Goretti. "Ripoti anapewa mzazi anayesaini humu. Wewe hatukujui."

Hatukujui, Nathalie. Na mikutano yote iliangukia siku ya kugawiwa posho kambini.

Jamidah akasema, "Sista, mama ni yeye." Lakini mtoto alipotoka darasani alishamkimbilia Jamidah, kwa mazoea tu.

Watu wakacheka, Goretti naye akacheka nao. Halafu akakinyoosha kile kitenge, akaniambia mimi niliyesimama kando, "Keti wewe, dada. Fasi iko."