Jumapili Yetu Imekwenda na Mbalamwezi

Buzebazeba,
Kigoma.
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Bonifasi,

Mwakeye! Hujambo huko Mtwara? Mguu umepona? Sisi tunapumua. Mama anakusalimu, presha yake inapanda na kushuka itakavyo. Ningekupigia simu, ila nyumba yetu unaijua: ukikohoa chumbani, sebuleni wanakupa pole. Haya sitaki ayasikie.

Nilikwambia kuwa kwenye chanja za kuanikia dagaa pale Katonga, Jumapili tunalipwa mara mbili. Nyongeza hiyo ndiyo dawa za mama. Ndiyo maana nikakubali kukosa misa.

Mwezi uliopita meneja mpya, Wilfred, alituita. Mpole huyo, sauti ya asali. Akauliza, "Jamani, ninyi hapa huwa mnapumzika lini?" Mimi na kiherehere changu nikanyanyuka: "Bosi, mapumziko yetu ni mbalamwezi!" Si ndivyo tusemavyo sote? Mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, boti haziingii ziwani, nasi tunakaa nyumbani. Tena bila hata senti! Nilitaka tu ajue mambo ya ziwa. Akacheka, akaandika.

Ijumaa likabandikwa tangazo. Siku zetu za mapumziko ni za mbalamwezi, Jumapili ni siku ya kazi kama nyingine, malipo ya kawaida. "Kama wafanyakazi walivyoeleza wenyewe." Ole wangu! Ulimi umeniponza.

Saumu, tuliyeanza naye kazi siku moja, anataka twende kwa afisa kazi, anasema sheria iko upande wetu. Huenda. Lakini atakayeulizwa alisema nini ni mimi. Wengine hawanisemeshi. Yunisi, niliyekuwa nakula naye sahani moja, sasa anakula kanipa mgongo. Wanasema nimeuza Jumapili yao. Naona aibu, Boni.

Leo nimekwenda hivyo hivyo. Kengele ya kanisa imelia nikigeuza dagaa kwa malipo ya Jumatatu. Vidonge vya mama vimebaki vya siku sita. Nilipoingia ndani akanishika mkono, akasema, "Pole mwanangu. Afadhali leo ni ile siku yako ya mara mbili."

Nikamwitikia, "Ndiyo, mama."

Ukimpigia mama, usimwulize habari za kazi yangu. Nisalimie wifi Winfrida na Gasper wetu. Mungu awafunike nyote huko mliko.

Ni mimi dada yako, nikupendaye daima,
Verediana