Viatu Vyeupe vya Verl

Jumatatu, 14 Oktoba

Hekalu limefungwa leo. Siku ya kufua. Kamba nzima nyeupe tupu — suruali za mume wangu Verl, magauni yangu, soksi, tai. Majirani wa chini wameshazoea. Mwanzoni walidhani sisi ni madaktari, wengine wakasema waoka mikate!

Sokoni Verl kasimama kwenye ngazi mara mbili. Eti hewa ya Kochabamba, huku milimani Bolivia, ni nyepesi. Miezi kumi na tano tuko hapa, hewa imekuja kuwa nyepesi leo? Mama wa viazi akampa ndoo aikalie. Mimi akanishauri ninunue vya wiki mbili, waandamanaji watafunga barabara. Kila mwezi wanasema hivyo. Nikachukua vya siku tatu. Mimi niliyezeeka kwenye shamba la viazi Idaho, Marekani, nipange foleni kununua gunia? Thubutu.

Jioni kaandika ile barua ya kila wiki kwa watoto, akanisomea. Tuna furaha, tuna nguvu, zimebaki wiki kumi na moja misheni iishe. Shauna, binti yetu mkubwa, ameshaagiza maputo ya kutupokelea uwanja wa ndege. Na bango!

Nilipokuwa napanga sanduku nikaiona tena suti yake ya pili nyeupe, kwenye mfuko wa nailoni, na viatu vyake vipya namba arobaini na tatu. Hajaivaa tangu tuje. Nikamwambia vaa hii basi, ile ya kazini imechakaa kola. Akasema hiyo iache. Haya, nimeiacha.

Jumanne, 15 Oktoba

Siku nzima dirisha la nguo, mimi na Eulogia Apaza. Wanaokuja hekaluni bila nguo nyeupe tunawaazima sisi. Eulogia ananong'ona vichekesho mpaka nauma midomo nisicheke.

Saa nne akaja Kaka Hinojosa kutoka upande wa wanaume. Anataka viatu vyeupe namba arobaini na tano, vya mzee mmoja anayefanya kazi humo ndani. Eulogia: "Mzee gani huyo, anaota miguu uzeeni?" Hinojosa hakucheka. Akachukua akaenda.

Mchana niliingia kwenye kikao cha ibada. Wanawake upande huu, wanaume upande ule, Verl ndiye anayeongoza. Pale pa kusimama alishika kiti. Nilimkazia macho, naye akaangalia ukutani.

Jumatano, 16 Oktoba

Hinojosa tena. Sasa anataka namba arobaini na sita, vile vya kitambaa vilivyo wazi kisigino. Nikamuuliza moja kwa moja, ni Verl? Akainamisha kichwa: "Dada Tolman, ameniambia nisiseme." Nikamwambia basi hujasema. Nikampa. 

Baada ya chakula Verl kalala na soksi. Nikaivuta moja taratibu. Ee Mungu wangu! Kifundo hakionekani. Nikabonyeza kwa kidole gumba, shimo likabaki vile vile kama kwenye unga uliokandwa. Mama yangu alianza hivi hivi, na hatukukaa naye sana. Nikajaribu kumrudishia soksi, haikupanda. Akaamka, akanikuta nimepiga magoti miguuni pake na soksi mkononi. 

Kisha simu ikalia. Yule nesi anayewaangalia wamisionari wazee, hupiga kila Jumatano. Mko salama? Verl kanitolea macho. Nikasema tuko salama kabisa, asante. Uongo mkavu, na mimi natoka hekaluni!

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimekuta vidonge vyake. Vya moyo anameza. Vile vya kukojoza, vya kutoa maji mwilini, pakiti zimerundikana tangu Agosti. Nikavimwaga mezani mbele ya uji wake. Nini hiki, Verl?

Mwanaume huyu! Eti kikao kinachukua karibu saa mbili, anayeongoza hawezi kutoka katikati kwenda chooni. Akivimeza, atatoka. Akitoka, watamwondoa kwenye kazi. Kwa hiyo anavimeza Jumapili na Jumatatu tu, siku za mapumziko. Amejipangia mwenyewe, kama ratiba ya kumwagilia shamba! Nilicheka kwa hasira. Halafu nikalia, naye akanipa kitambaa chake.

Nikamwambia tunakwenda kwa Rais wa hekalu sasa hivi, na wiki hii tunapanda ndege. Rangi ikamtoka.

Akaanza ile habari. Naijua, lakini hajawahi kuisimulia mwenyewe mpaka mwisho. Ana miaka ishirini, misheni ya kwanza, nchi hii hii. Miezi minane tu, macho yakawa manjano, wakamrudisha. Kwetu kijana akirudi anasimamishwa kanisani Jumapili aseme alivyoona, mama yake analia kwa raha. Yeye hakuitwa. Baba yake alimpokea kituoni akamuuliza, "Ulishindwa nini?" Kesho yake alfajiri wakaenda kukamua ng'ombe bila neno. Miaka yote hiyo mjini ni yule aliyerudi mapema. Hata siku ya harusi yetu nilisikia mtu akinong'ona jina hilo nyuma ya keki.

"Siwezi kurudi mapema mara mbili, mama," akasema. "Afadhali nibaki huku."

Nikamuuliza kubaki huku maana yake nini. Akanywa uji.

Nimempa mpaka Jumatatu. Ameahidi kumeza dawa kila siku, na Jumatatu tunakwenda kwa Rais wote wawili. Kwa nini nimekubali? Kwa sababu sitaki kuwa mimi ninayemshika mkono kumrudisha kwenye kile kituo. Ndiyo sababu, sina nyingine. 

Ijumaa, 18 Oktoba

Barabara zimefungwa. Mawe, matairi, vifusi vya udongo. Eulogia katembea tangu alfajiri, viatu vimejaa vumbi. Leo hana kichekesho hata kimoja. Petroli hakuna. Barabara ya uwanja wa ndege nayo imezibwa. Dada yake anafanya usafi hospitalini, kasema malori ya oksijeni yamekwama milimani, wagonjwa wanaambiwa wasubiri.

Kikaoni watu tisa. Verl akaongoza. Sauti ilikatika mara tatu, na watu wakainamisha macho kwa heshima. Heshima! Nilitamani mmoja apige kelele.

Siku hizi halali chali. Anakaa kwenye kiti na mito miwili, anapumua kwa kelele. Dawa kameza, nimeona mwenyewe, lakini miguu iko vile vile. Jumatatu ni mbali. Kesho asubuhi naenda kwa Rais peke yangu. Achukie.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimesema. Mkewe Rais akanikumbatia akalia, Rais akampigia nesi pale pale, akanipa simu. Nesi hakunifokea. Aliuliza tu: "Kwa nini hukuniambia Jumatano? Jumatano ndege zilikuwa zinaruka." Nikamrudishia Rais simu. 

Daktari mmoja, muumini mwenzetu, kaja kwa baiskeli na begi mgongoni. Kamchoma sindano. Kaniita jikoni akanieleza bila kuzunguka. Moyo umechoka sana. Anahitaji oksijeni na kushushwa bondeni kabisa, kwenye hewa nzito, na asifanye kazi tena. Sindano zilizobaki ni za leo na kesho. Hinojosa ameenda kwa miguu kuwaomba vijana wa vizuizini wapitishe gari moja tu. Gari lenyewe halina petroli.

Rais akamwambia Verl kwa upole kwamba amepumzishwa, na njia ikifunguka wanampeleka nyumbani.

Verl akauliza, "Na isipofunguka?"

Rais akamwekea mkono begani. Na huyu mume wangu akatabasamu! Mapumziko hata hakuyasikia. "Kwa hiyo hakuna wa kunirudisha," akasema. Sijamwona na uso ule tangu siku tulipofunga ndoa. Nilitaka kumzaba kofi. Nilimchana nywele badala yake.

Jumapili, 20 Oktoba

Hinojosa hajarudi. Eulogia kaleta supu ya karanga, kaketi naye asubuhi nzima. Wamecheka pamoja, yeye akicheka kidogo kidogo kwa sababu pumzi haitoshi. Eulogia alipotoka akanishika mkono mlangoni, hakuniangalia.

Sindano ya mwisho imechomwa saa saba.

Baadaye kaniambia nilete ule mfuko wa nailoni. Nikajifanya sisikii. Akarudia. "Lete, mama. Nikivaa mwenyewe nitakupunguzia kazi."

Kwetu tunazikwa na nguo hizi. Mke ndiye humvalisha mumewe. Alijua tangu tunafunga sanduku Idaho! Mimi nilidhani ni suti ya akiba.

Nimemwambia mambo ambayo sitayaandika. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono.

Shati limeingia. Suruali imeingia, nimeacha kifungo wazi. Viatu ni vile vya namba arobaini na tatu. Havikupita hata vidole. "Kata nyuma," akasema, "hakuna atakayenigeuza aangalie." Akacheka, kikohozi kikamshika, midomo ikawa ya bluu.

Niko jikoni. Kiatu kiko mezani, mkasi ninao. Nje honi inapigwa, imepigwa mara mbili sasa, sijui kama ni Hinojosa au ni gari la mtu tu. Dirisha la jikoni linatazama ukuta.

Ananiita. Anasema, Nedra, umeshakata?

Sijakata.