Mimba Iliyokataliwa Dukani

Alhamisi, jioni

Eti nirudi nyuma ya foleni! Mimi, mwenye mimba ya miezi mitano!

Mwaka juzi, kabla daktari hajanikata nusu ya tumbo la chakula kwa sababu ya vidonda, nilikuwa mnene wa kujaza mlango. Sikuwa na mimba hata ya kusingiziwa, lakini kila nikifika duka la ushirika watu walipaza sauti: "Mpisheni mama mjamzito, jamani!" Nami nilishika kiuno, nikapita kuchukua sukari yangu.

Leo nimekonda, nina mtoto wa kweli, na muuzaji ananipima kwa macho kama kitambaa. "Ndugu, wajawazito tunawajua. Wewe una njaa tu. Rudi nyuma."

Foleni nzima ikacheka. Mama Siwema, ninayepanga naye nyumba moja na anayenisikia nikitapika kila asubuhi, akacheka kuliko wote.

Nilipofika dirishani, sukari ilikuwa imekwisha.

Kinachoniuma ni kwamba yule muuzaji mpumbavu hakukosea sana. Nikila vijiko vitano vya uji nimeshiba, cha sita kinarudi. Nesi wa kliniki anasema mtoto hujichukulia chake kwanza. Achukue wapi? Naogopa, na sijamwambia mtu.

Sasa hivi amenipiga teke. Haya, mwanangu, nimekusikia.

Jumamosi wanaleta mchele. Nitajifunga khanga tatu tumboni, juu yako wewe, niende kuwadanganya kwamba nina mimba.