Baba, Santuri Zako Tuliziimba Kambini

Mpendwa Baba,

Vijana ninaowafundisha muziki hapa mtaani Kasungami waliniuliza jana: “Mama, shiye batu ya jazz, sisi watu wa jazi, tusome nini? Tusikilize nini?” Nikakukumbuka wewe.

Nilikuwa na miaka kumi. Katanga ilikuwa imejitenga na nchi, na sisi watu wa asili ya Kasai tukawa tunafukuzwa mitaani. Tulikimbilia kambi ya wakimbizi pembeni ya Elisabethville. Mama alibeba sufuria na blanketi. Wewe ulibeba saksafoni, kitabu cha Kifaransa cha kusoma nota, na santuri zako za jazi. Gramafoni ilikuwa nzito, ikabaki.

“Santuri bila gramafoni tutafanyia nini?” Mama alikuuliza kwa hasira.

“Tutaziimba.”

Na kweli tuliziimba. Mama ulimpa kuimba besi, mimi tarumbeta, na wewe ukapiga ngoma kwenye ndoo. Mchana ulinifundisha nota, ukizichora mchangani. Majirani walicheka, kisha wakaanza kuleta ndoo zao.

Siku moja alikuja Papa Kalunga, mpiga gitaa mwenzako, Mkatoliki wa Moba, hukohuko Katanga, aliyebaki mjini. Alikuwa amefunga gramafoni yetu nyuma ya baiskeli. Tukapigwa na butwaa. Njiani kulikuwa na askari, na kuonekana rafiki wa watu wa Kasai kulikuwa hatari.

“Askari hawakukusimamisha?” ukamwuliza.

“Balinisimamisha. Nikabaambia, niko napeleka muziki kwa mwenyewe.”

Mlikumbatiana. Tukaweka santuri. Tarumbeta ilipoingia, haikufanana hata kidogo na ile uliyonifundisha. Mama akakutazama. Ukaanza kucheka, Baba, mara ya kwanza tangu tuache nyumba, ukacheka mpaka ukakaa chini.

“Kumbe nilikuwa nakosa! Turudilie, mwanangu.”

Utengano ulipokwisha, wengi walipanda treni kwenda Kasai. Wewe ulichagua kurudi mjini, ukapiga saksafoni mpaka mapafu yalipokataa.

Basi vijana nimewajibu hivi: someni nota, msizikariri tu. Someni maisha ya wapigaji wa zamani. Santuri moja isikilizeni mpaka muweze kuimba hata besi yake, kisha nendeni mkasikilize bibi zenu wakiomboleza kwa Kiluba, maana hapo nako kuna jazi.

Jumamosi watapiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Nina hofu kuwashinda, lakini asubuhi hii nimewasikia wakijaribu, na Baba, wako vizuri. Viti vya wasikilizaji nimeshavitoa nje, nimevipanga uani.

Pumzika kwa amani.

Mimi, binti yako wa kwanza