Ngozi Mpya, Kiini cha Kale

Chumba Na. 6,
Juu ya duka la fundi cherehani.
14 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linasemaje siku hizi? Na mkazamjomba, bado anabishana na redio? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa.

Nakuandikia habari za mwanao, Mhandisi. Nimeona bora uzisikie kwangu kwanza.

Unajua miaka minne tumekaa chumba kimoja tukiunda mfumo endeshi, ile programu mama inayoiamsha kompyuta na kuzigawia programu nyingine zamu za kazi. Yeye alishika sura: rangi, madirisha, vitufe. Mimi nilishika kiini, sehemu ya ndani isiyoonekana inayoendesha vyote. Tulipeana mikono kwamba mfumo hauwi mpya kwa kupakwa rangi. Mpya ni ule uliojengwa upya ndani, ili hata programu moja ikianguka, yaani ikikwama ghafla, nyingine zisitikisike.

Jumanne tuliwaonyesha wauguzi wa hospitali, maana mashine zao zikiganda hupoteza habari za wagonjwa. Muuguzi mkuu akauliza, "Kipya hapa ni nini?" Nikamweleza kwa kifua mbele hayo niliyokwambia.

"Basi tuangushe moja tuone," akasema.

Tukaangusha. Kioo chote cha kompyuta kikawa cheusi.

Nilimtazama Mhandisi, alikuwa anatazama viatu vyake. Nikafungua mfumo palepale. Kiini hakikuwa changu. Kilikuwa cha zamani, kile ambacho yeyote hupewa bure, ila majina ya waliokitengeneza yalikuwa yamefutwa na yetu kuandikwa mahali pake.

"Chako kilikuwa kinachelewa kuwaka, dada," aliniambia kwenye ngazi. "Watu huangalia kioo. Nani hufungua tumbo?"

"Muuguzi kafungua," nikamjibu, nikashuka.

Mjomba, kujenga juu ya kazi ya wengine si aibu. Wenyewe waliitoa kwa moyo mweupe. Kinachonichoma ni kwamba aliniacha nisimame mbele za watu niape kwa uongo wake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba kitakuita dada.

Alhamisi nilirudi peke yangu na kiini changu. Hakina urembo, ni maandishi meupe tu. Tulingoja kiwake mpaka muuguzi mkuu akapiga miayo. Tukaangusha programu moja. Nyingine zikaendelea kama hazikusikia. Akaangusha ya pili, mwenyewe. Zikaendelea.

"Hiki ndicho," akasema. "Sura tutaizoea."

Nikageuka upande wa kulia nicheke na Mhandisi, kama shingo yangu ilivyozoea. Palikuwa na ukuta.

Sikuombi umkemee. Nakuomba tu usinisihi nimsamehe kabla hajafungua mdomo wake mwenyewe.

Nisalimie mkazamjomba, Bibi Kicheko na mapacha wa dada. Mola awape afya na nyumba yenye amani.

Mpwa wako akupendaye, hata katika uchungu huu,
Mkaidi