Maji Niliyokupa Siku ya Karwa Chauth

Ambala, siku tisa kabla ya Diwali

Mkwe wangu, mwanangu Nirupama,

Hasira ndiyo inayoishika kalamu hii.

Juzi ilikuwa Karwa Chauth. Wanawake walifunga bila tone la maji ili waume zao waishi miaka mingi, wakaja uani kwangu na sinia zao kungoja mwezi utoke wafungue. Wifi yangu Kaushalya akaanza, kama kila mwaka: "Jamani msije mkanywa maji kama yule mchawi aliyemuua Harish wetu!"

Wakacheka. Miaka kumi na tisa wanacheka.

Nikasema, "Maji nilimpa mimi."

"Wifi, dawa zimekulevya."

"Nirupama alikuwa na homa kali. Nilimshikia bilauri mdomoni. Na mwanangu aligongwa na lori, Kaushalya, hakugongwa na bilauri!"

Hakucheka mtu.

Siku walipokufukuza ulinitazama, ukingoja niseme hayo hayo. Niliinamisha macho. Mimi, niliyefundisha sayansi miaka thelathini, niliogopa kuitwa mchawi. Wale wanawake nawachukia, lakini najichukia zaidi. Usinisamehe.

Daktari hanipi siku nyingi. Nimekataza taa za sikukuu ya Diwali zisiwashwe mpaka ufike. Wanasema mjane haanzi kuwasha. Wewe utawasha ya kwanza, mlangoni, Kaushalya akiona. Ukinikuta nimeshakufa, washa vilevile, wala usimwombe mtu ruhusa.

Mimi mama wa Harish, niliyenyamaza,
Damyanti