Nilisoma Kabla ya Kufuta

Tarehe 4 Machi

Kitinda mimba wangu,

Salamu zangu zikukute ukiwa umekaa, maana barua ni ndefu. Hujambo? Unakula? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto bado linanisumbua kwenye ngazi za shule, na madarasa ya kufagia ni yale yale kumi na mawili.

Sasa nakuuliza kwa upole. Ulisema unakwenda kupumzika wiki mbili, leo imetimia miezi mitano. Nimeulizia huo mji. Kondakta mmoja akaniambia mabasi yanasimama pale dakika kumi tu, abiria wanajisaidia, safari inaendelea. Pale hakuna kitu, mama, ndivyo alivyosema. Sikupata usingizi. Mtu anakaaje miezi mitano mahali ambapo wenzake wanashuka kujisaidia?

Mjomba wako amekushikia ile nafasi ya ukarani mpaka mwisho wa mwezi ujao. Meza yako, kiti chako, na feni. Ameniuliza mara tatu, mara zote nimemjibu unakuja. Usiniaibishe. Na hiyo milima inanitisha, kila nikisinzia naona unateleza. Jibu upesi.

Mama yako

Tarehe 19 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi kuuona mwandiko wako, hata pale unaponigombeza. Goti lichue na maji ya moto, na ngazi za juu mwachie mwenzako.

Kondakta hakusema uongo. Lakini basi likishaondoka, mji unafumbua macho kama mtu aliyekuwa anajifanya amelala. Barabara ni moja. Kuna duka, posta, fundi viatu, na nyumba ya wageni ninapoishi. Mwenyewe anaitwa Mama Blanketi, kwa sababu hakuulizi jina kabla hajakupa blanketi. Asubuhi wingu linaingia jikoni kwa mlango wa nyuma, linapita juu ya meza, linatokea dirishani, na sisi tunaendelea kunywa chai. Siku nyingine nikifungua dirisha mji haupo kabisa. Zipo sauti tu: nyundo ya fundi viatu, mtu anakohoa.

Na ukitoka upande wowote, mwendo wa saa mbili kwa miguu, unafika kwingine. Kaskazini ni msitu wa mianzi, unalia kama mlango hata pasipo upepo. Magharibi kuna Bwawa Jeusi, maji yametulia mpaka unaona haya kupiga chafya. Mimi nawapeleka wageni, napima njia kwa saa, napaka mawe chokaa wasipotee. Ni kazi, mama, ingawa haina feni. Njoo uone kwanza, ndipo unihukumu.

Mwanao

Tarehe 11 Aprili, chumbani kwako, saa tisa na nusu alasiri

Mwanangu,

Nauliza hali yako, na leo sina jingine la kuuliza.

Nilikuja kukuchukua, sifichi. Shule imefungwa, nikapanda basi bila kukuambia, usije ukapata muda wa kujitetea. Nilishuka saa nne. Mama Blanketi akasema umetoka na wageni wawili, mzee na mkewe, utarudi saa tisa. Akanipa blanketi, akaenda zake dukani. Nikakaa. Unanijua nikikaa. Nikafagia ukumbi, nikapanga viatu, nikafua kitambaa cha meza. Pale mlangoni kuna ubao mweusi, umejaa chaki. Nikaufuta. Miaka ishirini na miwili nafuta ubao darasa likitoka, mkono ulikwenda wenyewe.

Mama Blanketi aliporudi alisimama mbele ya ule ubao, kapu bado liko mkononi. Halafu akanieleza taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa. Kila anayepanda huandika njia yake na saa ya kurudi, na akirudi hufuta mwenyewe. Wingu likishuka na saa ikapita, bwana misitu huifuata njia hiyo akipiga kengele. Tukiwa tunazungumza, dirishani tayari kulikuwa kweupe. Nyumba ya ng'ambo ya barabara ilikuwa haionekani.

Saa tisa ikapita. Bwana misitu akaja, akauliza aende upande gani.

Nikasema najua. Maana mimi sifuti kabla sijasoma. Hili hukuwahi kulijua. Darasani nilikaa miaka miwili tu. Kusoma nimejifunzia kwenye mbao za watoto wa watu, kitambaa mkononi, silabi kwa silabi, mpaka mstari uishe ndipo napitisha kitambaa. Nikafumba macho nikaiona mistari. Wa juu, mrina asali, msitu wa mianzi, kurudi jioni. Wa chini, watu watatu, Bwawa Jeusi kupitia Ukingo, saa tisa. Mama Blanketi akakataa. Akasema siku zote unawapitisha wageni bondeni, ukingoni huendi na wazee, labda nimechanganya.

Nikamwambia, "Dada, mimi ni mfagiaji. Lakini hilo neno nililirudia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza lilinishinda. Ni Ukingo."

Bwana misitu aliniangalia kidogo, akashika njia ya ukingoni.

Sasa naandika ili mikono ipate kazi. Kengele nilikuwa naisikia, sasa siisikii tena. Kama nimekosea, nimempeleka upande mwingine kabisa, na kosa ni langu. Nje ni kweupe, mwanangu, kweupe na kimya, kama na huko kuna mtu amepitisha kitambaa.

Mama yako

Tarehe 24 Aprili

Mama,

Shikamoo, na natumai ulifika salama. Jana nilikuwa naanika godoro, nikaiona barua uliyoiandika siku ile. Hukunitajia. Tulipofika mlangoni ulinishika mikono tu, kisha ukaenda kuchemsha maji.

Nami sikukwambia yote. Yule mzee alitamani kuliona bwawa kutoka juu, ndiyo maana tukapita ukingoni. Mkewe akateguka kifundo, wingu likashuka. Tulikaa kwenye jiwe moja, tumeshikana. Genge la ukingo lilikuwa hatua chache tu, na sikujua ni upande upi, kwa hiyo sikuthubutu kuwanyanyua. Kengele ilikuja kwa mbali sana, nikadhani naiota. Bwana misitu anasema bondeni asingetusikia hata tungepiga kelele.

Mama, kabla hujaondoka, nilipokupandisha mpaka kwenye jiwe la kwanza la chokaa, ulitazama muda mrefu. Asubuhi yake nilikuta nguo zangu zimekunjwa kwenye begi. Mchana nikazikuta zimerudishwa kabatini. Hukuniambia na mimi sikuuliza. Sasa mwezi unaisha. Sema neno moja. Ukisema njoo, nitakuja, na sitanuna.

Mwanao

Tarehe 29 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimefika, nimelala, nimeamka, nafagia. 

Mjomba wako alikuja Jumapili na tai yake shingoni. Nikamwambia kiti hicho ampe mwingine. Akauliza huko kuna nini cha kukufanya ukatae ofisi. Nilitaka kumweleza tulivyosimama pale juu, wingu liko chini ya miguu yetu na vilima vinachungulia kimoja kimoja, nikakosa pa kuanzia. Nikamjibu tu kwamba una kazi, kuna watu wanarudi kwao kwa sababu yako. Alinuna, ila alimaliza vikombe viwili vya chai, kwa hiyo atapoa.

Alipoondoka nililia kidogo. Usijali, kilikuwa kilio cha kawaida. Hofu haijaniisha na haitaniisha, mimi ni mama yako, nitazikwa nayo. Lakini siku ile ulipoingia mlangoni umembeba mama wa watu mgongoni, matope mpaka kwenye nyusi, uliniangalia kwa uso ambao sijauona tangu nikuzae. Uso ule siwezi kuukalisha chini ya feni.

Shule inafungwa tena mwezi wa nane. Nataka kuliona hilo Bwawa. Uliandika saa mbili, lakini hizo ni za miguu yako. Kwa goti langu ni saa ngapi kwenda, na saa ngapi kurudi? Pima vizuri, na usinipunguzie.

Mama yako